Dimbwi Likikauka, Samaki Hubaki

Masika yakishakolea, ukitoka kivukoni Kigamboni ukapita Kibada kuelekea Kisarawe II, au ukazungukia Kongowe na kushika Barabara ya Kilwa kwenda Mkuranga, madimbwi hayakosi. Yapo kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, kwenye majaruba ya mpunga, kando ya makalvati. Watoto huingia na kipande cha chandarua kilichochakaa, na mara nyingine hutoka na samaki wadogo wa urefu wa kidole cha mwisho, madume wamejaa wekundu na buluu, majike wa kijivu tu. Miezi michache baadaye dimbwi halipo. Udongo umepasuka na mbuzi wanapita juu yake. Mvua zikirudi, samaki nao wamerudi, ingawa hakuna mto uliofika pale wala mtu aliyewapandikiza. Ukiuliza wametoka wapi, utaambiwa wameshuka na mvua.

Wanabayolojia wanajibu kwamba hawakwenda popote. Walikuwa humo humo udongoni, ndani ya mayai ya milimita moja hivi, wamesimamisha kukua wakisubiri maji. Kusimama huko, pamoja na ufupi wa maisha yao, ndiko kulikowaingiza ndugu zao wa kusini katika maabara za Ujerumani na Marekani, ambako wanafugwa kwa maelfu ili watu waelewe jinsi mwili unavyozeeka. Ni cheo kikubwa kwa samaki ambaye hapa kwetu hana hata bei sokoni.

Jina lao la kitaalamu ni Nothobranchius, alilolitoa Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1868. Aina ya Unguja, N. guentheri, ilielezwa na Georg Pfeffer wa Hamburg mwaka 1893, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann katika safari zake za mwaka 1888 na 1889. Tangu hapo orodha imekuwa ndefu. Mafia wana wa kwao, N. korthausae, aliyepewa jina mwaka 1973. Bonde la Rufiji lina N. eggersi, ambaye madume wake wengine ni wekundu na wengine wa buluu, na wote ni aina moja. Mto Mbezi, ule wa kusini mwa Dar es Salaam, si Mbezi ya Kinondoni, una N. luekei na N. rubripinnis, walioelezwa na Lothar Seegers katika miaka ya 1980. Na yupo N. melanospilus, ambaye jike lake lina madoa meusi, aliyeenea ukanda wa pwani hadi Kenya. Pwani ya Tanzania ni mojawapo ya sehemu zenye aina nyingi zaidi za samaki hawa duniani. Sisi wenye pwani tunajaza matangi yetu ya sebuleni gapi wa Amerika Kusini na samaki wa dhahabu wa China.

Wafugaji wa Ulaya waliushtukia uzuri huu zamani, na wakagundua jambo la kuchekesha: samaki hawa wanapita posta. Mtu wa Ujerumani hutia konzi ya mboji yenye unyevu na mayai ndani ya mfuko wa plastiki, akauandikia tarehe, akautia kwenye bahasha. Mwenzake wa Uingereza akiupata anauweka kabatini mpaka miezi itimie, kisha anamwaga maji. Juu ya mifuko ya samaki wetu utakuta herufi TAN, mwaka na namba, kuonyesha walikookotwa babu zao, kwa sababu mfugaji makini hachanganyi samaki wa bonde moja na wa bonde jingine hata kama ni aina moja. Kuna vitongoji vya Rufiji vinavyojulikana na wastaafu wa Uholanzi kuliko vinavyojulikana na watu wa Masaki.

Ukitaka kuielewa siri yenyewe, watazame wakizaana. Dume humsogelea jike ubavuni, humkumbatia kwa pezi lake la mgongoni na kumkandamiza juu ya matope. Wote wawili hutetemeka kwa sekunde chache. Yai moja hutoka, linazama udongoni, wanaachana, na punde wanaanza tena. Jike aliyeshiba huweza kutaga makumi ya mayai kwa siku, siku baada ya siku, kwa muda wote uliobaki wa uhai wake. Hawajengi kiota wala hawalei. Maji yakianza kupungua na joto kupanda, wazazi hufa wote, na kufa kwao hakuna hasara, maana kila walichokuwa nacho wameshakifukia.

Yai la samaki wengi likisharutubishwa halina breki: siku kadhaa tu kitoto kinatoka, kuwe na chakula au kusiwe. Yai la samaki wa dimbwi lina breki tatu. Mwaka 1972 Mmarekani John Wourms, aliyekuwa akichunguza samaki wa Amerika Kusini wenye maisha kama haya, alizieleza moja baada ya nyingine. Ya kwanza hukaza mapema mno, kabla hata ya kiinitete kuanza kujengeka. Seli hutawanyika juu ya kiini cha yai zikatulia. Ya pili hukaza katikati, wakati kichwa kimeshaonekana, mgongo umeanza kugawanyika pingili, na kijimoyo kinadunda. Hapo kiinitete kinaweza kukaa miezi kadhaa bila kuongeza kitu. Breki ya tatu hukaza mwishoni kabisa. Samaki amekamilika, amejikunja ndani ya ganda, macho meusi yenye duara la dhahabu yanaonekana wazi kwa lenzi ya mkononi, na kinachokosekana ni maji tu.

Kilichonivutia zaidi mimi si breki bali namna zinavyotumika. Mkulima yeyote wa pwani anaijua vuli ya uongo: mvua inanyesha wiki mbili, watu wanapanda, kisha jua linawaka na mahindi yanakauka yakiwa na majani manne. Kama mayai yote ya dimbwi yangeamka kwa mvua ile, ukoo mzima ungekwisha kwa siku moja. Hayaamki yote. Mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa wiki moja kwenye matope yale yale, hayafuati ratiba moja. Mengine huruka breki ya pili na kuwa tayari mapema, mengine hukaa hapo hapo msimu mzima na hata kuvuka kwenda mwingine. Ukosefu wa oksijeni kwenye matope yaliyofunikwa na maji ni mojawapo ya mambo yanayoyashika, na hewa inayoingia udongo ukipasuka ni mojawapo ya yanayoyaachia. Lakini hata mayai yaliyokaa bega kwa bega hutofautiana. Samaki hana habari za utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa, basi anaweka akiba kwa kila aina ya mwaka.

Udongo nao si wowote. Mchanga wa ufukweni hauwafai. Mjiolojia Brian Watters, aliyezunguka Afrika akichunguza madimbwi haya, alionyesha kwamba samaki hawa hufungamana na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ule mweusi unaokwamisha magari masika. Udongo huo hushikilia unyevu kidogo chini hata juu pakiwa pakavu kabisa, na unyevu huo kidogo ndio uhai wa yai.

Samaki si peke yao wanaongoja kwenye udongo huo; wapo na kamba. Ukilichota dimbwi hilo hilo kwa kichujio cha chai utapata vikamba vinavyoogelea chali, miguu ikipepea juu, vyangavu kiasi cha kuona chakula tumboni. Ni wa jamii ya Streptocephalus. Si ndugu wa karibu wa kamba wanaouzwa sokoni Feri, ila nao wanaishi kwa kutegemea mayai yanayongoja. Tofauti iko katika namna ya kungoja. Ndugu yao maarufu wa maji ya chumvi, artemia, ambaye mayai yake huuzwa kwa makopo kwa ajili ya kulishia samaki wachanga, ameonyesha njia ya kwanza: yai hukauka karibu lote, na sukari iitwayo trehalosi hukaa palipokuwa na maji ili seli zisibomoke. Samaki hawezi hilo. Yeye hubana maji yake ndani ya ganda gumu, hupunguza matumizi ya nguvu karibu na sifuri, na kuvumilia kukosa hewa. Yai la kikamba unaweza kulikausha mpaka likawa vumbi, lakini la samaki ukilianika limekufa. Anayewafuga lazima aishike tofauti hiyo, kama tutakavyoona.

Sasa kuhusu uzee. Mwaka 1968 Richard Furzer aliwaokota samaki wa jamii hii Gonarezhou, Zimbabwe ya leo, wakaitwa N. furzeri. Kwa miaka mingi walikuwa mapambo tu. Mwaka 2003 Waitaliano Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino walitangaza kwamba samaki wa ukoo huo wa Gonarezhou hawamalizi wiki 12, hata wakiwa kwenye tangi lisilokauka na chakula tele. Maana yake hawafi kwa sababu ya ukame, wanazeeka kweli. Rangi hufifia, mgongo hupinda, misuli hulegea, uvimbe huota mwilini. Uzee ambao kwa panya unausubiri miaka miwili na zaidi, kwa samaki huyu unauona kabla muhula wa shule haujaisha. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Stanford na jingine la Jena, yalichapisha jenomu yake. Mwaka 2018 Wacheki walioongozwa na Martin Reichard walionyesha kwamba huko Msumbiji, kwenye madimbwi yenyewe, samaki huyu anaweza kuwa mzazi siku 14 tu baada ya kuanguliwa.

Utafiti uliofuata ndio unaorudi kwenye yai letu. Mwaka 2020 Chi-Kuo Hu, Anne Brunet na wenzao wa Stanford walilinganisha samaki waliotoka kwenye mayai yaliyosimama siku chache na wale waliosimama miezi mitano. Miezi mitano ni mirefu kuliko umri wote wa samaki mzima wa ukoo huo. Waliotazamiwa kuchakaa hawakuchakaa: walikua sawa, walizaa sawa, waliishi sawa. Muda uliopita ndani ya yai haukuhesabiwa. Walipochungulia ndani waliona kwamba yai halijazimwa ovyo, bali kuna protini zinazoshikilia jeni fulani zisifanye kazi, na mojawapo, CBX7, ikikosekana misuli ya kiinitete huanza kuharibika na usingizi wenyewe kukatika. Kwa maneno mengine, kusimama ni kazi, na ina wafanyakazi wake.

Hilo linamsaidia nini mtu wa Kigamboni mwenye goti linalouma? Kwa leo, halimsaidii. Akija mtu kukuuzia vidonge vya ujana kwa jina la samaki huyu, mwache apite. Ila swali lililofunguliwa ni la maana: viungo vyetu vinavyosafirishwa kwa ajili ya kupandikizwa huharibika baada ya saa chache, na hapa kuna moyo, ubongo na misuli ya kiumbe mwenye uti wa mgongo kama sisi vinavyokaa miezi bila kuchakaa, katika joto la pwani, bila jokofu.

Faida ya karibu zaidi ni mbu. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank, ambaye wengi wanamkumbuka kwa utafiti wa mbung'o Shinyanga, aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kwamba samaki hawa ni silaha ya kienyeji dhidi ya malaria. Hoja yake bado ina nguvu, kwa sababu mbu wa malaria anayependa madimbwi ya mvua huzaa pale pale wanapoanguliwa samaki, na viluwiluwi ni chakula wanachokipenda mno. Kwa dengi, iliyolitikisa jiji mwaka 2014 na 2019, usiwategemee: mbu wake huzaa kwenye matairi, ndoo na vifuu vya nazi, na dawa ya hivyo ni kuvifudikiza.

Ukitaka kuyaona haya nyumbani huhitaji mtaji mkubwa. Tangi la lita 40 linatosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume wawili kwenye nafasi ndogo watachanana mapezi. Liwe na mfuniko, maana wanaruka. Kipasha joto usinunue kabisa. Huko kwenye baridi wanakitafuta, hapa tatizo ni kinyume chake: watafiti walipowaweka N. furzeri kwenye nyuzi 22 badala ya 25 waliishi zaidi, kwa hiyo weka tangi mbali na dirisha la magharibi na bati lisilo na dari. Panda majani mengi ya majini yanayostahimili mwanga hafifu. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye changarawe na majani huigeuza naitriti, kisha naitreti, na mimea hula naitreti hiyo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka, basi acha tangi likae na mimea kwanza, samaki waje baadaye. Tangi lenye mimea mingi na samaki wachache haliyumbi sana umeme ukikatika usiku.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili klorini itoke. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo, ambayo wakazi wengi wa Kigamboni wanayalalamikia wakipika chai, hapa ni neema. Samaki hawa hushambuliwa kirahisi na kimelea kinachowapaka vumbi la dhahabu mwilini, na chumvi kidogo hukizuia. Nasema kidogo: maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari yataua mimea yako yote. Kamba wadogo wa maji baridi, wale wa jamii ya Caridina, wanakaa nao vizuri wakiwa wazima na hufagia mwani kwenye majani, ila watoto wao wataliwa wasipokuwa na kichaka cha kujificha. Chakula cha kopo samaki wengi wa jamii hii hukikataa. Wape viluwiluwi vya mbu, ambavyo hununui.

Samaki wa kuanzia ni vyema wawe wachache, na ukae na wale wa sehemu moja. Usiwamwage kwenye dimbwi jingine ukiwachoka, wala usimwage gapi kwenye dimbwi lao. Madimbwi yenyewe yanapungua. Tangu Daraja la Nyerere la Kigamboni lifunguliwe Aprili 2016 viwanja vya ng'ambo vimepanda bei, na kitu cha kwanza anachofanya mwenye kiwanja chenye bonde ni kuita lori la kifusi. Simlaumu, maana hata mimi nisingependa kuamka kitanda kikielea. Lakini aina kadhaa za samaki hawa wa pwani ya Tanzania zimo kwenye orodha nyekundu ya IUCN kama zilizo hatarini, na nyingine zinajulikana kwenye bonde moja au mawili tu. Dimbwi likifukiwa wakati wa kiangazi hakuna hata samaki mmoja anayeonekana akifa.

Mayai yakusanye kwa kibakuli chenye makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kufikichwa, ukakiweka chini kwenye kona yenye kivuli. Watakichagua wenyewe, kwa kuwa sehemu nyingine ya tangi ina changarawe. Baada ya wiki moja au mbili kitoe, kamua makumbi taratibu kwa mkono mpaka yasidondoshe maji, yaache hewani saa chache, kisha yafunge kwenye mfuko yakiwa bado na unyevu, mithili ya tumbaku ya kusokota. Andika aina na tarehe. Kwa N. guentheri wafugaji hungoja takribani miezi mitatu. Aina nyingine ni pungufu, nyingine zaidi. Fungua mara moja moja, utafute yai kwa lenzi. Ukiona macho yenye duara la dhahabu, muda umefika. Mwaga makumbi kwenye beseni, ongeza maji ya ubaridi kidogo yenye kina cha vidole vitatu. Ndani ya saa chache utaona vijiti vidogo vinavyorukaruka. Wape artemia waliototolewa siku hiyo, mara mbili kwa siku.

Wakishahamishwa, makumbi usiyatupe. Yakamue, yafunge tena, uandike tarehe ya pili, na uyamwagie maji upya baada ya wiki nne au zaidi. Mara nyingi kundi jingine hutoka, kutoka kwa mayai ambayo mara ya kwanza yalikataa kuamka.